Kiti Kitupu cha Ukumbini

Kila siku akitoka skuli, Jumana alishuka kwenye basi mtaa wa Hamriya, akaenda kumngoja mamake, Bi Muhsina, aliyekuwa muuguzi wa kituo cha afya. Wanawake walikuwa na chumba chao cha kungojea, na wanaume chao. Katikati palikuwa na ukumbi mwembamba wenye friji la maji na kiti kimoja. Hapo ndipo akikaa Nawar.

Nawar alikuwa na miaka kumi na saba. Alizaliwa akaitwa Nasr, na kadi yake ndivyo ilivyosema. Lakini tangu mdogo alijijua kuwa ni msichana, na kwao mamake alishazoea kumwita Nawar. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu uumao mpaka mifupani. Kila mwezi alikuja kuchukua dawa, akiburuza ndara zake taratibu, kwaruu, kwaruu.

Siku moja Bi Muhsina alikuwa akimfunga mtoto kidonda. "Jumana, shika kadi hii, hebu niitie anayefuata."

Jumana akaichukua kadi. Alijua ni ya nani, na alijua mwenyewe anapenda kuitwaje. Lakini Maha, mwenzake wa darasani, alisimama mlango wa wanawake akimkonyeza.

"Haya, tumsikie daktari mdogo," Maha alimchokoza.

Jumana akajaza kifua. "Nasr bin Sleiman!"

Vichwa vikachungulia kutoka vyumba vyote viwili. Mtu akacheka, Maha akafuatia, na Jumana naye akacheka. Nawar akainuka, akashika ukuta, akatoka. Dawa zake zikabaki mezani.

Siku ya pili Nawar hakurudi kuzichukua; kiti kilikuwa kitupu. Ya tatu, kitupu. Friji likinguruma, Jumana alisikia kwaruu, kwaruu. Akigeuka, hapana mtu. Hata nyumbani, wakila, alizisikia zile ndara nje ya mlango.

"Nawar hapokei simu," alisema Bi Muhsina. "Na dawa zishamwishia. Nnaogopa maumivu yatamwangusha."

Jumana akalirudisha tonge sahanini. "Mama, mimi ndiye niliyemfukuza."

Akaeleza yote, hata kile kicheko. Bi Muhsina akaisogeza sahani yake kando.

"Kadi nlikupa mie, na kadi ya mgonjwa haipewi mtoto," akasema. "Na mie kila mwezi nkimwita kwa jina hilohilo, ila kwa sauti ya chini, nkidhani nnamstahi. Vaa viatu, twende."

Walimkuta Nawar kwao, kalala, midomo imekauka, magoti yamevimba.

"Nisamehe, dada Nawar," Jumana alisema. "Nlijua, nkafanya makusudi."

Nawar alimtazama. "Mifupa nshaizoea. Sauti yako ndiyo inayonifuata. Nkifumba macho, nakusikia unaniita na watu wanacheka."

"Na mie nasikia ndara zako."

"Basi hatukulala sote wawili," alisema Nawar, akajaribu kutabasamu.

Bi Muhsina akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu, miaka yote ya kazi hakuna aliyenifunza kumuuguza mtu kama wewe. Nifunze wewe. Tufanyeje uje bila ya khofu?"

"Msinitangaze, khalti. Njoo pale kitini tu, uniite Nawar."

Jioni ile walimpeleka hospitali, akatiwa dawa mpaka maumivu yakatulia. Kisha Bi Muhsina akazungumza na wenzake kituoni. Wakakubaliana kila mgonjwa apewe nambari, na muuguzi atoke mwenyewe kumfuata, amuulize apenda kuitwaje. Mmoja akanung'unika kuwa ni kazi ya ziada.

"Ni hatua kumi na mbili tu mpaka kitini," Bi Muhsina alimjibu. "Nshazihesabu."

Mwezi uliofuata Jumana alisikia kwaruu, kwaruu. Aliogopa kugeuka. Alipogeuka, Nawar alikuwa kitini.

"Umeona?" mamake alimwambia baadaye. "Dawa huanzia kwenye ulimi. Mgonjwa akitukimbia, kabati zima la dawa halimfai kitu. Usingoje kumwelewa mtu ndipo umheshimu. Mheshimu kwanza, kuelewa kutakuja."

Jumana aliitikia. Lakini mpaka leo, friji lile likinguruma, hugeuka kwanza kukitazama kile kiti.