Vipande vya Mugisho

— Huyu Mugisho anakungoja juu ya nini?

André alikuwa ameshika simu ya Anastasie mkononi. Anastasie hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta.

— Iko Kabambare, anatuandikia kipande ya tarehe. Nipe simu yangu.

Ujumbe wenyewe ulisema: "Nimemaliza. Utakuja siku gani? Nakungoja." Maneno matano tu. Lakini mwanaume mzima na ndevu zake aliyasoma mara kumi, na kila mara moyo ukazidi kuungua. Zilibaki wiki tatu tu apeleke dot, yaani mahari, kwa kina Anastasie.

Tumhurumie kidogo. Anastasie na wenzake walikuwa wametunga lugha mpya ya kuandikia programu, na sasa yeye alikuwa akiiundia mkusanyaji. Programu ikihitaji vipande vilivyoandikwa na watu wengine, mkusanyaji anajua ni vipi, ni vya nani na toleo gani, kisha anavileta vyote. Kwa kuwa mtandao wa huku tunaujua, vipande vyote vilikaa kwenye ghala moja: kompyuta ya André, katika kibanda chake cha kuchapa barua sokoni Kasongo. Watu walivibeba kwa flashi, juu ya pikipiki. Basi André, mchunga ghala, kila akifungua mashine alikutana na jina lile lile. Mugisho, Mugisho, Mugisho.

— Programu zako zote zinamutegemea ule mutu, alisema.

— Juu anaandika muzuri.

— Na mimi?

— Wewe hauandiki, André. Wewe unachunga.

Hapo ndipo alipomchoma. Kesho yake asubuhi, kabla ya kumjazia Anastasie flashi ya kwenda kuwaonyesha wakuu wa shule programu yake, André alifuta vipande vyote kumi na kimoja vya Mugisho. Alidhani anaondoa jina tu, maana vipande vyenyewe vilikuwa vidogo. Akanywa chai yake kwa raha kabisa.

Saa sita simu ikalia.

— André, programu inakataa kufunguka. Inatafuta kipande ya majina, haiioni. Ba directeurs wote wananiangalia.



— Niliifuta.

— Ulifuta nini?

— Vya Mugisho. Vyote.

Upande wa pili vilisikika vitufe vya kompyuta vikigongwa.

— Niliingiza flashi yako, na kwa ordinateur yangu navyo vimetoka, Anastasie alisema polepole. Ni mimi mwenyewe nilipanga hivyo. Chenye kinatoka kwa ghala, kinatoka kwa kila mutu mwenye kuingiza flashi. Sasa mwenye iko navyo ni yeye peke yake. Utaenda Kabambare, utamuomba.

— Mimi?

— Nani alifuta?

Siku nzima juu ya pikipiki, na matope mpaka magotini. Njia nzima André alitafuta uongo wa kusema: labda umeme ulikatika, labda mashine iliharibika. Alimkuta Mugisho nyuma ya duka dogo, kijana mwembamba, anakula muhogo wa kuchoma.

— Ninaitwa André. Wa Kasongo.

— Ninakujua. Kaa.

— Nilifuta kazi yako.

— Juu ya nini?

Uongo wote ukamkimbia.

— Wivu.

Mugisho aliweka muhogo chini.

— Mwezi wa pili nilimuomba Anastasie ndoa. Alikataa. Alisema iko na mutu wake Kasongo. Nikabaki na kazi, juu ile kazi ninaipenda.

André hakujua atazame wapi. Msidhani wivu uliisha. Ulizidi, ila sasa ulikuwa wa aina nyingine, unaochanganyika na aibu. Huyu alikataliwa, na miezi yote hiyo aliendelea kumwandikia mwanamke bila kuharibu hata mstari mmoja. Yeye aliyekubaliwa alishindwa na maneno matano.

— Clé yako iko wapi? Mugisho aliuliza, akanyoosha mkono apewe flashi.

Huko Kasongo, Anastasie alipokea flashi bila kumsalimia. Alingoja mpaka programu ikafunguka yote, ndipo akamgeukia.

— Juu ya nini haukuniambia kama alikuomba? André aliuliza.

— Ningekuambia, ungefuta mapema zaidi.

Ilikuwa kweli.

— Nimebadilisha mupango, Anastasie aliendelea. Kipande ikisha kuingia kwa ghala, mutu moja hawezi tena kuifuta. Hata mwenye kuichunga. Na kuchunga ghala, nimepatia Régina, ule tunaandika naye.

— Na dot?

Anastasie alimtazama viatu vyenye matope, suruali iliyopasuka gotini, macho mekundu kwa safari.

— Watu wa kwenu bakuje, alisema mwishowe. Kama bwana, ninakutaka. Lakini kazi yangu hautaigusa tena.