Maji ya Kusuuzia

Chuchu ya chupa ilikuwa imetafunwa. Haikuchakaa, ilitafunwa, alama nne ndogo za meno, mbili juu na mbili chini, na ncha haipo. Mama Bonge aliigeuzageuza chini ya bomba la sinki asiamini macho yake. Bonge mwenyewe, mwenye chupa, alikuwa na wiki saba duniani na hakuwa na jino hata la kusingiziwa.

"Wifi," alimwita dada wa mumewe, aliyekuwa sebuleni akikunja nepi. "Umerudi utotoni, siyo?"

"Mimi?" Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ningekuwa na tamaa hiyo ningelamba maziwa ya kopo, siyo kutafuna mpira!"

Mama Bonge akaitupa chuchu, akarudi kwenye kazi yake, na kazi hiyo hakuwa na mchezo nayo. Maziwa yake mwenyewe yalikauka alipougua baada ya kujifungua, na muuguzi alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba chupa chafu inaua. Kwa hiyo kila asubuhi alizisuuza chupa sita kwa maji baridi, maji meupe yenye masalia ya maziwa yakiteremka kwenye tundu la sinki. Akazisugua kwa brashi na sabuni. Akazichemsha kwenye sufuria dakika kumi, kisha akaziopoa kwa koleo. Yale maji ya moto aliyamwaga uani. Lakini siku tatu nyuma aliona mende ukingoni mwa sinki, akaona isiwe taabu, akayamimina humo humo tunduni yakitokota. Alisikia mlio mwembamba chini, akadhani ni bomba. Tangu hapo jiko lilinuka nywele zilizoungua, naye akamlaumu mende.

Siku hiyo, mchana kweupe, sufuria ya chupa ikiwa jikoni inachemka, Wifi alikwenda kunawa mikono.

"Wifi, njoo," alinong'ona. "Njoo polepole. Kuna mtu analia humu."

"Humu wapi?"

"Sinkini. Ni mtoto."

Wifi akainama tena asikilize. Kilichomshika hakikuonekana: nywele zake zilivutwa tunduni, uso ukapigwa kwenye bomba la chuma mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka meno yakadondoka ndani ya sinki. Alipoinua kichwa, damu ikimchuruzika kidevuni, macho hayakuwa yake. Alimsukuma Mama Bonge ukutani kama mtu anayesogeza pazia, akamchukua Bonge kutoka mkekani kwa mguu mmoja, akamning'iniza kichwa chini juu ya sufuria inayotokota.

Baba Bonge, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa kwenye karakana yake mbele ya nyumba. Alisikia yowe, akaingia na nondo mkononi. "Dada! Mwachie mwanangu!" Hakufika. Nondo ilijipinda hewani, ikarudi kwake, ikamvunja mkono mpaka mfupa ukatokeza nje, kisha yeye mzima akarushwa kwenye kabati la vyombo na kioo kikamfuata. Akabaki chini anakoroma, damu inamtoka sikioni.

"Wangu alikuwa akiamka na maji yako ya kwanza," mdomo wa Wifi ukasema, kwa sauti nzito ya mama aliyelia siku nyingi. "Yale meupe. Alishaijua ladha yake. Akisikia bomba, anafungua mdomo. Siku ile yakaja meupe, akanywa, akabaki mdomo wazi anasubiri mengine. Ukammiminia hayo."

"Sikujua," Mama Bonge alilia. "Wallahi sikujua."

"Sasa mdomo hauna ngozi. Titi langu linamchuna. Nikampa hata chupa yako, ilikuwa tupu, akaing'ata kwa njaa." Mkono ukashuka kidogo, mvuke ukamgusa Bonge utosini, akapiga ukelele. "Na wako afungue mdomo."

Mama Bonge aliogopa kiasi cha kujikojolea, lakini neno njaa alilisikia, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ametumbukiza mikono yote miwili ndani ya maji yale yanayotokota, chini ya kichwa cha mwanawe, akipapasa chupa huku ngozi ikimvuka kama glavu, akaitoa, akajaza maji yaliyopoa kutoka kwenye jagi, akapima maziwa ya kopo kwa vidole visivyokunjika, akatikisa, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono ili aone kama lina moto, ingawa hapo hapakuwa tena na ngozi ya kumwambia, kisha akaifikisha chupa tunduni, chuchu ikitazama chini.

Kitu kiliidaka. Kilinyonya kwa pupa, kikakohoa.

"Taratibu, baba," alinong'ona. "Utapaliwa."

Nyuma yake Bonge akalazwa sakafuni, mzima. "Kila baada ya saa tatu," ile sauti ikasema. "Siku utakayochelewa, sitasema tena." Wifi akaanguka kama gunia.

Mganga aliyeletwa kesho yake aliingiza kichwa sinkini ili asome maneno yake kwa karibu. Alikitoa bila sikio la kushoto, akaondoka mbio bila viatu.

Miezi tisa ikapita. Baba Bonge alichomelea mageti kwa mkono mmoja. Wifi alihama, na simu hakupokea. Bonge akaanza kutembea, anakula uji na wali, chupa haitaki hata kuiona. Asubuhi moja Mama Bonge, vidole vyake vimekauka vikajikunja, aliinama juu ya tundu na kusema kwa adabu:

"Mama mwenzangu, wangu ameacha chupa. Wako ataacha lini?"

Sauti ikajibu kutoka chini, kwa upole wa jirani:

"Haraka ya nini, dada? Kwetu mtoto hunyonya miaka mia mbili. Wewe ukichoka, Bonge yupo."