Chupa Ambazo Kipkemboi Hakuzikausha

Walikutana soko la mitumba Eldoret, Jumamosi, wote wameshika sweta moja ya manjano.

"Hii nimeiona kwanza," msichana akasema.

"Ni ya kike, lakini baridi ni ya wote," Kipkemboi akajibu, akaiachilia. Akaondoka na namba ya simu na jina: Nelima.

Mwezi uliofuata alishtuka kumwona chuoni, kwenye maabara ambamo Kipkemboi alikuwa fundi. Nelima alikuwa amekuja kufanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu sabuni ya zinki, ambayo haiyeyuki majini ila kwenye kiyeyusho cha moto kiitwacho tolini.

"Ikizidi kiwango fulani, molekuli zinajikusanya vikundi vidogo, misela," alimweleza. "Vichwa vya zinki ndani, mikia nje. Hicho kiwango ndicho natafuta."

"Na wewe utajikusanya na nani?"

"Osha chupa, Kip!" Lakini alikuwa anacheka.

Wakapendana. Kisha alasiri moja, akikimbilia mpira, Kipkemboi aliziacha chupa za vipimo vya Nelima na unyevu. Vile vichwa vya zinki hunyonya maji; vipimo vyote vikaruka ovyo. Msimamizi, Daktari Hulda, aliita kazi hiyo uzembe, akasogeza mahafali ya Nelima mbele kwa mwaka mzima.

Nelima alilia begani mwa Kipkemboi. "Labda mimi si mtu wa sayansi, dear."

Kipkemboi alijua kosa ni lake. Akampapasa mgongo, asimwambie. Wiki tatu zikapita hivyo.

Kisha simu ikalia. "Nimepata kazi ya kufunza shule moja mji wa Ziwa. Masters naacha."

"Usiache! Nelima, ni mimi. Chupa sikukausha."

"Ukaniacha nilie hivyo? Begani mwako?" Simu ikakatwa.

Kesho yake Kipkemboi alimwandikia Daktari Hulda barua ya kukiri, akapewa onyo la mwisho kazini. Nelima hakupokea simu zake tena.

Siku ya kumi na mbili Nelima akatokea mlangoni mwa maabara, koti jeupe mkononi.

"Daktari amenionyesha barua. Narudia vipimo."

"Nimechelewa kusema. Nisamehe."

"Umechelewa sana. Weka chupa zote kwenye oveni zikauke, nikikuona."

Walifanya kazi bila mzaha wowote. Jioni, mstari kwenye grafu ukapinda vizuri, pale pale Nelima alipotarajia kile kiwango. Nelima akaruka, akamshika mkono kwa furaha, kisha akakumbuka, akauachilia.

"Bado nimekasirika, Kip."

"Najua."

Nelima akafunga vifungo vya koti, akafungua tena, bila kumtazama.

"Kesho kuja saa mbili. Usichelewe."