Kipandio cha Katikati

Kila mchana wakati wa likizo, Kunigunda alibeba kikapu cha ugali na maharage, akampelekea baba yake, Florian, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mbinga. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa, na magunia yalimiminika kutoka vijiji vya Matiri na Namswea. Mashine haikupumzika, wala watu.

Wachukuzi walipanda ngazi ya mbao, gunia begani, wakamwaga kahawa kwenye mdomo wa mashine. Kipandio cha katikati kilikuwa kimepasuka. Hakuna aliyekitengeneza. Kila mtu alikiruka tu, tena kwa mbwembwe, na Kunigunda alipenda kuwatazama.

Siku moja mjomba wake, Placidi, alikuwa anaanza kazi. Kwao Litumbandyosi walimjua kwa kucheza mganda; ngoma ikilia, miguu yake haikutulia.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, Kuni! Leo utaniona!"

Placidi alijitwika gunia, akapanda. Kunigunda akangoja aruke.

Hakuruka. Kipandio kilikatika, Placidi akaanguka chali kwenye sakafu ya saruji, na gunia likamwangukia nyonga.

"Nani alimwambia kuhusu ile ngazi?" msimamizi aliuliza.

Watu walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia. Florian alipiga magoti kando ya shemeji yake, akalia mbele ya wenzake bila aibu.

Kesho yake wachukuzi waligoma kubeba hata gunia moja mpaka ngazi itengenezwe. Msimamizi alileta mbao, na Florian mwenyewe akapigilia kipandio kipya. Kazi hiyo iliisha kabla chai haijapoa.

"Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivi," alisema, akaweka nyundo chini.

Placidi alitoka hospitali akitembea kwa magongo. Nyonga haikupona sawasawa. Kwenye sikukuu ya parokia mganda ulipoanza, yeye alikaa kwenye kiti, mguu mmoja tu ukifuata ngoma. Kunigunda alishindwa kuvumilia.

"Mjomba, mimi nilijua. Nilidhani umeambiwa."

Placidi alimfuta machozi kwa kiganja.

"Usilie, Kuni. Wakubwa wote walijua. Mazoea yana taabu, mwanangu. Ukiona kitu kibovu, usijifunze kukiruka. Sema kitengenezwe. Na hata ukidhani mtu ameshaambiwa, mwambie tena."