Ukosi Ulionuka Udongo

Kitendawili. Mgeni wangu huingia kinywani akifurahiwa, akitoka huondoka na maji yote ya nyumba. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Mgeni ni maji machafu yaletayo kuhara, na nyumba yenyewe ni mtoto mdogo.

Asubuhi ile Shangazi, fundi cherehani, alimkuta mtoto wa kaka yake amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa, macho yamezama. Mara ya tatu mwezi huo. Zahanati walishampa dawa ya chumvichumvi, wakaonya: akirudia tena, mwili huenda usihimili.

Mama mtoto alikuwa amekata shauri. "Ni yaya, wifi. Leo anafunga virago."

"Ngoja kwanza. Yaya, maji ya mtoto?"

"Nayachemsha, Shangazi. Hata uniapishe."

"Mikono?"

"Kwa sabuni, mpaka inachubuka."

"Labda maziwa," mama akasema.

"Yanachemka mbele ya macho yako, dada. Na wote tunayanywa."

"Basi nani mwingine humnywesha?" Shangazi akauliza.

Babu, kitini karibu na dirisha, akakohoa, akatazama nje.

Shangazi akapekua kapu la nguo chafu. Kila kigauni ukosi wake una doa la maji, kahawia kwa mbali.

"Namvalisha safi akienda kulala mchana chumbani kwa Babu," yaya akasema.

Shangazi akanusa. Udongo. Maji ya nyumba ile yalikaa kwenye ndoo za plastiki, na plastiki hainuki udongo. Harufu ikamrudisha utotoni, anatoka shule anahema, mama yake anamchotea mtungini kwa kata: "Kunywa polepole, maji hayakimbii."

Akaenda chumbani kwa mzee. Nyuma ya mlango, mtungi wa mama yake. Akatumbukiza mkono, ukateleza kwenye ute wa kijani. Akaubeba hadi sebuleni.

"Baba, huu ulisuguliwa lini?"

"Mama yako aliusugua, wiki aliyofariki. Mimi naujaza tu. Nikiusugua, nafuta mikono yake."

"Tumbo lako limezoea, Baba. La mtoto bado geni." Akamwekea burashi mapajani. "Na Mama angeuona hivi, angekugombeza mpaka jioni."

Mzee akacheka kidogo, macho yamelowa. Mama mtoto akauchukua mfuko wa virago vya yaya, akaurudisha chumbani.

"Niliuliza, Baba. Nani humnywesha?"

Mzee akaushika mtungi shingoni.

"Mimi, mwanangu. Nilitaka aonje maji ya bibi yake."