Anayefungwa Anapisha

Jua lilikuwa limeshaegemea migomba Jovina alipofika Murusagamba kuchukua mashine ya gemu. Majirani zake kule Mbuba walishamsema: mama gani huyu, paa linavuja, yeye ananunua michezo? Na waseme. Binti yake Happy alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, na uwanjani kazi yake ilikuwa kulinda viatu vya wenzake. Kama mguu haupigi mpira, vidole vitapiga.

Muuzaji, Ntirampeba, alikuwa mama mkavu kama kuni. Alimpokelea uani. Hata kiti hakumpa. Mashine ilikuwa juu ya kinu, imefungwa kwenye kitenge.

"Ni ya mwanao?" Jovina aliuliza.

"Ilikuwa yake. Alikuwa na banda la gemu." Akashusha sauti. "Sheria ya banda unaijua? Anayefungwa anainuka, anampisha mwenzake. Mwanangu hakuwahi kumpisha mtu. Tulimkuta amekaa vilevile, pedi ya kuchezea mkononi... wa baridi. Mwambie binti yako asikubali kufungwa."

"Dada yangu, mimi nimekuja kuchukua gemu. Mafundisho ya kipaimara nilishamaliza."

Ntirampeba hakucheka. Aliingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Giza lilikuwa limeshaingia Jovina na Happy walipoiunganisha kwenye televisheni ya nyumbani. Nyeusi, nyepesi kama sufuria tupu, na kitaa cha bluu mbele na pedi mbili. Uwanja ukatokea, majani mabichi kuliko ya masika. Mpira ulipopigwa, pedi ilitetema mikononi mwa Happy, naye akacheka hadi akajishika tumbo.

Ila ilipopata moto ilitoa harufu. Si ya plastiki. Harufu ya udongo uliofukuliwa leo.

"Itakuwa ilikaa stoo," Jovina alijisemea, akaenda jikoni nyuma ya nyumba kupakua ndizi na maharage.

Kicheko kikakatika.

Ta... ta-ta... ta. Vitufe. Vya pedi mbili.

"Happy! Njoo ule."

"Mama, subiri! Huyu ananisumbua."

Huyu nani? Mashine, bila shaka. Na Jovina hakuwa mtu wa kuita mara mbili chakula kikipoa.

"Mwache akufunge, uje!"

"Mama, lakini amesema nikifungwa..."

"Nimesema mwache!"

Filimbi ikalia.

Halafu hatua zikaja. Jovina aliujua mwendo wa mwanawe kama anavyoijua sauti yake: mguu mmoja unagonga, mwingine unaburuta. Hizi zilikuwa zinagonga zote.

Happy alisimama mlangoni, amenyooka kama mlingoti.

"Shikamoo, mama."

Harufu ya udongo iliingia naye. Akaketi, akachota ndizi zinazotoa moshi, akala bila kupuliza.

Jovina alikimbilia sebuleni. Pedi mbili zilikuwa mkekani, hakuna aliyezishika. Moja ilikuwa imelala tu. Ya pili, ile ya Happy, vitufe vyake vilibonyea kimoja kimoja... taratibu... kama vidole vya mtu anayeogopa. Na katikati ya uwanja, peke yake, kulikuwa na mchezaji mdogo.

Anaburuta mguu wa kulia.

Jovina alirudi jikoni. "Rudi ukacheze."

Yule aliyeketi alilamba vidole, akatabasamu kwa meno ya Happy.

"Hapana, mama. Mimi sichezi tena."

Jovina hakupiga yowe. Wangekuja majirani, wangemkuta mtoto aliyenyooka mguu, wangeanza kuimba mapambio. Alirudi mkekani akaokota ile pedi iliyolala. Hakujua kitufe hata kimoja, wala hakuhitaji. Sheria ilikuwa moja, kwake na kwa marehemu.

"Funga, mwanangu," alinong'ona. "Nifunge, nikupishe mwilini mwangu."

Wachezaji wa Jovina walitokea, wakasimama kama magunia. Yule mdogo alikokota mpira, akawapita mmoja mmoja, akafika golini. Kipa alikuwa ameshusha mikono. Hatua moja tu.

Vitufe vikatulia.

"Piga, Happy! Usinitazame, piga!"

Mchezaji mdogo alisimama hapo, mpira miguuni. Kisha akageuka. Akaanza kuurudisha upande wake, mbali na goli la mama... polepole... akiburuta mguu.

Kule jikoni, sauti ya mwanawe iliomba kuongezewa maharage.