Mapipa ya Zawadi

Asubuhi ile, ndugu zangu, ua ulikuwa umefagiwa ukafagika. Nguo zimeanikwa, jiko linatoa moshi mwembamba, na mtoto wa miaka minne amepanda juu ya kigoda, kichwa kimezama ndani ya pipa la buluu, anazungumza na maji.

"Hujambo, pipa?" anauliza. Sauti inamrudia nzito kama ya mzee. Anacheka mpaka kigoda kinayumba.

"Toka humo, Chiriku, utadumbukia!" bibi yake alimpigia kelele kutoka jikoni, lakini naye alikuwa anacheka. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, hata usingizini. Bibi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Bi Sabuni. Mkwewe, mama wa mtoto, alikwenda kazini alfajiri, kwa hiyo mjukuu alikuwa wa bibi na bibi alikuwa wa mjukuu, mpaka saa ya zamu, ambapo jirani alimshika mtoto.

Bi Sabuni alikuwa mwosha mapipa kwenye kiwanda cha nguzo, kule ambako magogo huingia makavu na kutoka yamelowa dawa ili yasiliwe na mchwa. Dawa yenyewe huja ndani ya mapipa. Zamani mapipa matupu yalirudishwa kwa lori kwa waliouza dawa, nao wakayaharibu wanavyojua. Akaja meneja mpya, akasema safari za lori ni hasara. Akatundika bango langoni: HAKUNA TAKA, KUNA ZAWADI. Tangu hapo mapipa yakawa yanagawiwa mtaani, kila nyumba moja, watu kwenye foleni na mpiga picha yuko tayari. Meneja anashika pipa upande huu, mama wa watu anashika upande ule, wote meno nje. Haukupita mwaka, kiwanda kikapewa ngao ya utunzaji wa mazingira. Ngao!

Kabla ya kugawiwa, kila pipa lilipita mikononi mwa Bi Sabuni. Alilisugua kwa sabuni mara tatu, akalisuuza, akaingiza pua ndani. Likinuka hata kidogo, anaanza upya. Kisha alimwagia maji ya moto karatasi iliyobandikwa ubavuni na kuibandua kwa kisu, maana meneja alitaka mapipa yapendeze kwenye picha. Karatasi hiyo ilikuwa na maandishi ya kigeni, na chini yake fuvu la kichwa.

Siku moja aliuliza, "Bosi, hili fuvu si la hatari?"

"Bibi, fuvu ni la dawa. Dawa imeisha, na fuvu limemaliza kazi yake. Au wewe hujiamini kuosha?"

Hapo alimshika pabaya. Mwanamke anayesifiwa kwa usafi tangu usichana wake, umwambie hajui kuosha! Akarudi kwenye sabuni yake. Akachagua pipa lililong'aa kuliko yote, akampelekea mjukuu wake. Hilo ndilo kosa lake na hatutalificha. Ila hakulifanya peke yake.

Miezi mitatu baadaye, Chiriku akanyamaza.

Alianza kwa kutapika, wakasema ni minyoo. Tumbo likamkata, viganja vikawa vigumu kama vya mkulima. Siku alipokaa tangu asubuhi mpaka saa sita bila neno moja, Bi Sabuni alimfunga mgongoni, akatoka mbio kwenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mwenye macho ya uchovu. Lakini alichuchumaa mwenyewe kumvua mtoto viatu, taratibu, kimoja kimoja, na wengi hawafanyi hivyo.

"Anakunywa maji gani?"

"Ya pipa. Safi kabisa, nililiosha kwa mikono yangu."

"Pipa lilikuwa la nini?"

"La dawa ya nguzo."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, dawa gani? Inaitwaje? Ninazo dawa za kutoa sumu, lakini kila sumu ina yake. Nikimpa isiyo yake nitammaliza. Nikipeleka damu ikapimwe, majibu yatachukua wiki nzima, na huyu hana wiki. Niletee karatasi iliyokuwa kwenye pipa."

Bi Sabuni alitazama vidole vyake. Amebandua karatasi ngapi kwa vidole hivyo? Hata moja hakuihifadhi.

Akamwacha mtoto na mkwewe aliyekuwa amekwisha kufika, akarudi kiwandani. Meneja alimpokea ofisini, ngao inang'aa ukutani.

"Jina tu, bosi. Niandikie jina la dawa, nimpelekee daktari."

"Nikiandika, kesho litakuwa gazetini. Hizo ni siri za kampuni. Na hebu tuulizane, bibi, mapipa nani aliyaosha?"

"Mimi."

"Karatasi nani alizibandua?"

"Mimi. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Una maandishi yanayoonyesha kwamba nilikuambia?"

Akafungua kabati, akatoa katoni ya juisi. "Mpelekee mtoto. Pole sana."

Juisi, ndugu zangu! Mtoto wa watu yuko mlango wa kaburi, jina lenye kumwokoa limo kinywani mwa mtu mzima mwenye tai shingoni, naye anatoa juisi! Bi Sabuni aliiacha mezani. Hakutukana. Alitoka, akashika njia ya langoni.

Pale ghalani, ukuta mmoja na ofisi, palikuwa na mtunza ghala, mtu mkavu waliyemwita Kauzu. Kwa miaka sita Bi Sabuni alimsalimu kila asubuhi, naye akaguna tu. Siku hiyo Kauzu ndiye aliyemkimbilia langoni, akavua kofia. Ndani ya kofia mlikuwa na karatasi yenye fuvu, bado ina gundi.

"Nimesikia yote ukutani. Hii nimeitoa kwenye pipa jipya."

"Mwanangu, watakufukuza."

"Usinihurumie, mama. Kimbia!"

Walimfukuza kweli, keshoye asubuhi. Lakini karatasi ilifika, daktari akasoma jina, na dawa ikaingia mshipani. Siku ya nne Chiriku alifumbua macho, akamtazama daktari aliyening'iniza kipimo shingoni, akamwuliza, "Wewe mbona una masikio ya mpira?" Mkwe aliangua kilio, wauguzi wakacheka.

Bi Sabuni hakuwa amengoja siku ya nne. Alipokabidhi tu karatasi, alirudi mtaani na nyundo na msumari. Alianza kutoboa pipa lake, kisha akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa fundi cherehani wa mtaa ule alizuiwa mlangoni.

"Umerukwa na akili? Nilipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya pipa hili!"

"Nipige ukitaka, mwanangu, lakini maji haya usimpe mtoto."

"Wivu tu! Katoboe lako!"

"Nimeanza na langu. Kitoto chako kinaendeleaje?"

Fundi akashusha mikono. Kitoto chake cha miezi tisa kilikuwa kinaharisha wiki ya pili. Walimwambia ni meno.

Kilifikishwa hospitali jioni ileile. Dawa ilikuwapo, na jina sasa lilijulikana, lakini mwili mdogo ule haukuwa na nguvu tena ya kuipokea. Tulikizika Alhamisi.

Tulipotoka makaburini, gari la kampuni likasimama mbele ya nyumba ya msiba. Meneja akashuka na magunia mawili ya unga, na nyuma yake, amini usiamini, mpiga picha. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kuingia ndani. Bi Sabuni ndiye aliyekwenda mlangoni.

"Tumekuja kutoa mkono wa pole," meneja alisema.

"Zawadi yenu tumetoka kuizika sasa hivi."

"Bibi, tusilaumiane mbele ya watu..."

"Hawa watu ndio uliowapiga picha. Wapige tena leo, tuone kama watatabasamu. Rudisha unga wako garini. Na mapipa yako yote yanakufuata."

Wanaume hawakuambiwa mara mbili. Waliyabingirisha yote mpaka kiwandani, yamejaa matundu, wakayaacha langoni mpaka malori ya nguzo yakashindwa kutoka.

Funzo

Wakaguzi wa serikali walikifunga kiwanda kwa wiki mbili, kisha kikafunguliwa. Ngao haijarudishwa, na Kauzu bado anatafuta kazi. Ndiyo maana nasema bila kuuma maneno. Wenye viwanda, wema wenu kwa jirani huanzia ndani ya uzio wenu. Sumu uliyoinunua ni yako mpaka mwisho wake, na pipa lake pia. Ukiona gharama ya kuiondoa ni kubwa, usiifunge utepe ukampa mama mwenye mtoto. Mfanyakazi mwambieni anashika nini, kwa lugha anayoielewa, na anapouliza mjibuni swali lake, msimchezee fahari yake. Nasi tunaopokea, tuulize kwanza kilichokuwamo, tena tuulize kwa sauti, hata kama mpiga picha anangoja. Fundi cherehani hakuuliza, kwa sababu aliyempa alikuwa anatabasamu.